Jinsi ya Kuongoza Mazungumzo Kuhusu Nyuklia Kando ya Ziwa Victoria

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa sekondari, kiongozi wa mwalo, mwenyekiti wa mtaa na mtu mwingine yeyote wa Mwanza anayeombwa na wenzake awaeleze maana ya nyuklia. Ombi hilo linazidi kusikika, na lina sababu zake. Ng'ambo ya ziwa letu, Serikali ya Kenya imekuwa ikiitaja Kaunti ya Siaya kuwa mahali panapofikiriwa kwa ajili ya kinu chake cha kwanza cha nyuklia, baada ya wakazi wa Kilifi kuupinga mradi huo kule pwani. Uganda imepanga kinu chake Buyende, karibu na Ziwa Kyoga. Hapa nchini, mwaka 2025 mtambo wa majaribio wa kuchakata urani ulizinduliwa katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Wavuvi huzisikia habari hizi redioni, na wakifika nchi kavu huuliza maswali ambayo wengi wetu tuliosoma hatukujiandaa kuyajibu.

Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na nimeyaendesha mazungumzo haya darasani, kanisani na chini ya mwembe. Jambo moja nimeliona kila mara: hofu ya watu wetu ni kubwa, lakini haikukaa mahali pake. Mama anakataa mwanawe asipigwe picha ya eksirei, kijana anapasua kwa nyundo chuma kizito asichokijua ili auze madini ya risasi yaliyomo ndani, na wote wawili wanaamini kwamba bomu la nyuklia ni habari ya Wazungu wa zamani. Kazi ya anayeongoza mazungumzo si kuiondoa hofu wala kuiongeza, bali ni kuipa kipimo, ili ipungue pale ilipozidi na iongezeke pale ilipopungua. Hatua zifuatazo ndizo zilizonisaidia.

Tenganisha kwanza mambo matatu

Usianze na atomu. Anza kwa kuandika ubaoni, au kuchora mchangani, maneno matatu: hospitali, umeme, bomu. Kisha waulize waliohudhuria ni lipi kati ya hayo wamewahi kulikaribia. Karibu kila mara atatokea mtu aliyempeleka ndugu yake Bugando kutibiwa saratani kwa mionzi, na huyo ndiye wa kuanza naye, kwa kuwa anazungumzia alichokiona kwa macho yake. Zamani mgonjwa wa namna hiyo kutoka Kanda ya Ziwa alilazimika kusafiri hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, na wengine walikata tamaa njiani.

Hapo ueleze tofauti ambayo watu wachache wanaijua. Mashine ya eksirei hutoa mionzi kwa nguvu ya umeme, na ikizimwa mionzi huisha papo hapo, kama taa. Haibaki mwilini wala chumbani. Kobalti-60 inayotumika katika baadhi ya mashine za kutibu saratani ni tofauti, kwa sababu hutoa mionzi mchana na usiku iwe umeme upo au haupo, na hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo. Ndiyo maana kobalti ikizeeka mgonjwa hulala chini ya mashine kwa muda mrefu zaidi ili apate dozi ileile, na ndiyo maana kitu hicho lazima kiwe na mlinzi hata baada ya mashine kuharibika. Shika neno hilo la mlinzi, maana tutalirudia.

Mfano wa pili uutoe Unguja. Mbung'o waliokuwa wakiua ng'ombe kisiwani humo walitokomezwa katika miaka ya 1990 kwa njia ambayo wafugaji hufurahi sana kuisikia: mbung'o madume walizalishwa kwa wingi katika kituo cha utafiti Tanga, wakahasiwa kwa mionzi, wakamwagwa kutoka angani, na majike waliopandana nao hawakuzaa. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o tena. Ukishaueleza mfano huu, neno nyuklia halitakuwa tena na uso mmoja tu katika mawazo ya wasikilizaji wako.

Eleza kinu kwa jiko, kisha useme mahali mfano unapokatika

Kinu cha nyuklia ni chombo cha kuchemsha maji. Maji yanayochemka hutoa mvuke, mvuke huzungusha mtambo, na mtambo hufua umeme, kama vile maji ya Rufiji yanavyoizungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Tofauti iko kwenye moto wake. Chembe ndogo iitwayo nyutroni hukipiga kiini cha urani-235, kiini hicho hupasuka, hutoa joto pamoja na nyutroni mbili au tatu, na hizo huenda kupasua viini vingine. Fimbo maalumu zinazomeza nyutroni huingizwa ili kupunguza moto na kuchomolewa ili kuuongeza. Kipande cha mafuta ya urani chenye ukubwa wa ncha ya kidole, gramu saba hivi, hutoa joto linalokaribia la tani moja ya makaa ya mawe, bila moshi.

Faida ya kukosa moshi isipitwe haraka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani, wa kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee, na mitambo inayochoma makaa ya mawe huua watu wengi zaidi kwa kila kiasi cha umeme kuliko vinu vya nyuklia, hata ukihesabu ajali zote zilizojulikana. Lakini sema kweli yote: mama lishe wa Mwaloni Kirumba hataacha mkaa kwa sababu tu kinu kimejengwa mahali fulani, ataacha siku umeme utakapofika kwenye kibanda chake kwa bei anayoimudu.

Sasa onyesha mahali mfano wa jiko unapokatika, kwa kuwa hapo ndipo hatari yote ilipo. Jiko la mkaa ukilimwagia maji limekufa. Kinu kikizimwa hakifi mara moja. Vipande vya urani iliyopasuka huendelea kutoa joto, takriban asilimia 6 hadi 7 ya joto la awali mara tu baada ya kuzima, kisha joto hilo hushuka polepole kwa saa, siku na miezi. Kinu kikubwa kikizimwa, joto linalobaki katika dakika ya kwanza linaweza kufikia megawati 200, na lazima maji yaendelee kupita ili kuliondoa. Tarehe 11 Machi 2011 huko Fukushima, Japani, vinu vilijizima vyenyewe kama ilivyopangwa tetemeko lilipotokea, lakini tsunami ikafunika jenereta za dharura, pampu zikakosa umeme, maji yakakauka na mafuta ya urani yakayeyuka. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu mwenye akili anapoambiwa kwamba kinu kitajengwa si kama kinaweza kuzimwa. Anapaswa kuuliza: kikizimwa, na umeme wa gridi ukakatika siku hiyohiyo, ni nani atakayeendelea kukipoza, kwa mashine gani, na kwa siku ngapi?

Chernobyl ilikuwa na sababu nyingine. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 waendeshaji walikuwa wakifanya jaribio huku baadhi ya vizuizi vya usalama vikiwa vimeondolewa, na kinu cha aina ile kilikuwa na kasoro ya kuongeza nguvu pale maji yake yalipogeuka mvuke. Tena hakikuwa na jengo zito la kukizingira kama vinu vingi vya leo. Mtu akikuuliza kama kinu kinaweza kulipuka kama bomu la Hiroshima, mjibu bila kusita kwamba hakiwezi. Urani ya asili ina urani-235 chini ya asilimia moja, mafuta ya vinu vingi hurutubishwa, yaani huongezewa urani-235, hadi asilimia 3 au 5, na bomu huhitaji kiasi cha asilimia 90. Mlipuko wa Chernobyl ulikuwa wa mvuke na joto, na madhara yake makubwa yalitokana na moshi na vumbi lenye mionzi.

Kuhusu mabaki, sema kwa ufupi na kwa uwazi. Mafuta yaliyotumika hukaa majini kwa miaka kadhaa yapoe, kisha huhifadhiwa katika makasha mazito, na baadhi ya vitu vilivyomo, kama plutoni-239, huchukua miaka 24,000 kupungua kwa nusu tu. Finland imechimba hifadhi ndani ya mwamba, zaidi ya mita 400 chini ya ardhi, kwa ajili ya mabaki yake. Nchi inayopanga kinu ikishindwa kueleza mabaki yatakwenda wapi, basi mpango wake haujakamilika.

Toa kipimo cha mionzi

Kipimo ni milisiveti. Kila mwanadamu hupokea wastani wa takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula chake, hata asipopita karibu na kinu chochote. Picha moja ya kifua ni sehemu ya kumi ya milisiveti au pungufu. Sheria za nchi nyingi humruhusu mwananchi kuongezewa na shughuli za kinyuklia si zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka, na mfanyakazi wa mionzi milisiveti 20. Dozi ya milisiveti 4,000 hadi 5,000 ikimpata mtu kwa mara moja, nusu ya watu wa namna hiyo hufa wasipotibiwa. Ziandike namba hizi tano ubaoni na uziache hapo hadi mwisho wa kikao. Yule mama wa eksirei atajipimia mwenyewe.

Lizungumzie ziwa kwa namna wavuvi wanavyolijua

Hapa usiwe na haraka. Katika mwalo mmoja wa Ilemela, mzee aliyevua tangu enzi za matanga aliniuliza: "Mwalimu, maji yakiharibikia Siaya, sangara atajuaje kwamba amevuka mpaka?" Nilimjibu kwamba hajui, na kwamba swali lake lina uzito kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na wanafunzi wangu.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake ni kifupi, wastani wa mita 40. Maji yake mengi huingia kama mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na mengi hutoka kwa kupanda angani kama mvuke. Mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Maana yake kwa somo letu ionyeshe kwa sufuria. Chemsha maji ya chumvi mbele ya watu hadi yapungue kwa nusu, kisha mwombe mmoja ayaonje yakipoa. Maji yameondoka, chumvi imebaki. Sesiamu-137, ambayo ni miongoni mwa vitu vinavyosumbua zaidi baada ya ajali ya kinu, hufanya vivyo hivyo: haipandi na mvuke, bali hubaki ziwani, hunata kwenye tope, au hutoka kidogo kidogo kwa njia ya Nile, na huchukua miaka 30 kupungua kwa nusu. Kwa sababu hiyohiyo ya mkondo, kinu cha Buyende kikichafua maji, uchafu huo ungekwenda na Nile kuelekea kaskazini, wala usingepanda kurudi Mwanza. Kwa upande wa maji, Siaya inatuhusu kwa namna ambayo Buyende haituhusu.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani kila mfanyabiashara wa samaki anapaswa kulijua. Sesiamu hufanana na potasiamu, na mwili wa kiumbe huipokea kana kwamba ni chakula. Baada ya mwaka 1986, maziwa ya nchi za Skandinavia yalikuwa na samaki wenye sesiamu kwa miaka mingi, na samaki walao samaki wenzao ndio waliokusanya nyingi zaidi, hata pale maji yenyewe yalipokuwa yamekwisha kusafika. Sangara ni mla samaki. Anakula dagaa, anakula furu, anakula hata watoto wa sangara. Kwa hiyo mtaalamu akija na karatasi inayoonyesha kwamba maji ni salama, mshukuru, kisha umuulize kama amepima pia tope na sangara, na umuulize alivipima lini kabla kinu hakijajengwa, kwa sababu asiyejua hali ya mwanzo hawezi kuthibitisha mabadiliko.

Soko halisubiri vipimo, nalo ni sehemu ya hatari. Wazee wa viwanda vya minofu wanaukumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa na wavuvi wachache. Wavuvi waliokuwa hawajagusa sumu hiyo hata siku moja walilala njaa pamoja na walioitumia. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania hupima mionzi katika vyakula vinavyotoka na kuingia nchini, na cheti chake ndicho kitakachokuwa kinga ya mvuvi siku ya uvumi. Viongozi wa mialo wanafanya vema wakianza sasa kuuliza vipimo hivyo hufanyika wapi na kwa kasi gani.

Uwe mkweli pia kuhusu umbali. Kutoka pwani ya Siaya hadi Mwanza ni chini kidogo ya kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Eneo lililofungwa kuzunguka Chernobyl lilikuwa la kilomita 30, na watu waliohamishwa kwanza Fukushima walikuwa ndani ya kilomita 20. Mkazi wa Mwanza hatalazimika kukimbia. Hata hivyo, madoa ya uchafuzi mzito yalipatikana takriban kilomita 200 kutoka Chernobyl kwa sababu mvua ilinyesha hapo wakati wingu likipita, na sisi tunaishi chini ya mawingu yanayozaliwa na ziwa. Wavuvi wanajua kwamba usiku upepo hutoka nchi kavu na mchana hutoka ziwani. Waache wao ndio wawaeleze wenzao jinsi moshi unavyoweza kusafiri.

Kisha fundisha la kufanya. Tangazo la ajali likitolewa, watu waingie ndani na kufunga madirisha, wafunike visima na matenki ya maji ya mvua, waanue dagaa walioanikwa kabla wingu halijafika, waoge na kubadili nguo wakitoka nje, na wasinywe maziwa mabichi wala kula mboga za majani zilizokuwa wazi hadi zipimwe. Watoto wanywe maziwa yaliyofungwa kabla ya ajali. Jambo la maziwa lina historia ya uchungu: baada ya Chernobyl maelfu ya watoto waliokunywa maziwa yenye iodini-131 walipata saratani ya tezi ya shingo katika miaka iliyofuata, ilhali iodini hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8 na katazo la miezi michache tu lingewakinga wengi. Vidonge vya iodini humezwa kwa amri ya wataalamu wa afya tu, hukinga tezi hiyo peke yake, na dawa ya iodini ya kupaka vidondani isinywewe kamwe. Wakazi wa Pripyat, mji uliokuwa jirani na kinu, walihamishwa baada ya saa 36 hivi. Tangu mwaka huohuo wa 1986 upo mkataba wa kimataifa wa kutoa taarifa za ajali mapema. Swali la kuwauliza viongozi wetu ni taarifa ya Siaya itafika mwaloni kwa njia gani, na baada ya saa ngapi.

Lipe bomu uzito wake

Sehemu hii isifanywe na watoto wa shule ya msingi. Kwa vijana wa kidato cha tatu kwenda juu, chukua ramani ya jiji la Mwanza na uchore duara la kilomita mbili kutoka katikati ya mji. Duara hilo litafunika Soko Kuu, Bugando na sehemu kubwa ya Capripoint. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, lenye nguvu ya tani 15,000 za baruti, liliangamiza na kuteketeza eneo la ukubwa wa namna hiyo, na kufikia mwisho wa mwaka watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Siku tatu baadaye Nagasaki iliuawa vivyo hivyo. Waonyeshe vijana kwamba hospitali iko ndani ya duara. Hiroshima, zaidi ya asilimia 90 ya madaktari na wauguzi wa mji waliuawa au kujeruhiwa, na majeruhi waliotambaa kutafuta msaada hawakumkuta wa kuwasaidia. Nimelifanya zoezi hili mara nyingi, na kila mara darasa hunyamaza kimya.

Kisha waambie mahali sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kutengeneza mabomu hayo ilikotoka: mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji. Jembe la Mwafrika ndilo lililoitoa ardhini, naye hakuambiwa ni ya nini. Kwa sababu hiyo siikubali kauli kwamba bomu halituhusu. Ufaransa ilifanya jaribio lake la kwanza katika Sahara ya Algeria tarehe 13 Februari 1960, na hadi mwaka 1966 ilikuwa imelipua mabomu 17 katika ardhi hiyo. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilitengeneza mabomu sita, ikayavunja yote, na mwaka 1993 ikautangazia ulimwengu, nayo ndiyo nchi pekee iliyowahi kujitengenezea silaha hizi na kuziacha kwa hiari. Kwa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, Afrika nzima ilitangazwa kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Na kijana wa Butiama, mkoani Mara, Hayati Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa miongoni mwa viongozi wa nchi sita, pamoja na wa Argentina, Ugiriki, India, Mexico na Sweden, waliotoa wito kuanzia mwaka 1984 kwamba mashindano ya silaha hizo yakome.

Wape pia hoja ya upande wa pili kwa haki. Nchi tisa zina silaha hizi, jumla yake ikiwa takriban vichwa 12,000, karibu tisa katika kila kumi vikiwa vya Marekani na Urusi. Watetezi wake husema kwamba tangu 1945 mataifa makubwa hayajapigana ana kwa ana kwa sababu kila moja linaogopa kuangamizwa. Hoja hiyo ina nguvu, na wanafunzi waijadili. Wakimaliza, wasimulie usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, mitambo ya Kisovieti ilipoonyesha kwamba makombora ya Marekani yalikuwa njiani. Afisa wa zamu, Stanislav Petrov, aliamua kwamba mitambo imekosea, na ikawa imekosea kweli. Mimi siwezi kuiita amani ile iliyotegemea busara ya mtu mmoja wa zamu ya usiku.

Hapa kuna jambo ambalo ni lazima ulirekebishe mwenyewe. Mwanzoni uliwatenganishia watu hospitali, umeme na bomu. Sasa waonyeshe kwamba ukuta kati ya umeme na bomu ni mwembamba. Mitambo inayorutubisha urani hadi asilimia 5 inaweza, ikiendeshwa zaidi, kuifikisha asilimia 90, na plutoni huzaliwa ndani ya kinu. India ililipua bomu lake la kwanza mwaka 1974 kwa plutoni iliyotoka katika kinu ilichopewa kwa matumizi ya amani. Ndiyo maana wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huhesabu urani kwa gramu, na nchi inayokataa kuhesabiwa inapaswa kutiliwa shaka hata ikitamka maneno mazuri kiasi gani.

Usisahau wanunuzi wa vyuma chakavu

Kama una nusu saa tu, acha yote niliyokwisha kuandika na ufundishe sehemu hii. Mwaka 1987 katika mji wa Goiânia, Brazil, watu wawili waliingia katika jengo la zahanati lililotelekezwa, wakachukua kifaa cha mashine ya saratani na kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu waliugawana, wakajipaka, na mtoto wa miaka sita aliushika akiwa anakula. Wanne walikufa, watu 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya 100,000 walipimwa. Hapakuwa na kinu wala bomu. Palikosekana mlinzi tu.

Vifaa vyenye chembe za mionzi hutumika pia migodini na katika ujenzi wa barabara, na Kanda ya Ziwa ina vyote viwili. Wafundishe vijana wanaopita na mikokoteni, na hasa wanunuzi wenye mizani, alama ya mionzi: duara dogo lenye mabawa matatu, jeusi au la zambarau juu ya manjano. Chuma kidogo kilicho kizito kupita kiasi, kilichofunikwa kwa risasi, chenye alama hiyo au namba zilizochongwa, kisikatwe, kisipigwe nyundo, kisiyeyushwe wala kisifichwe nyumbani. Aliyekiona arudi nyuma hatua 30 au zaidi, azuie wengine na hasa watoto, awaite polisi, na wao waiarifu Tume ya Nguvu za Atomu. Aliyekigusa anawe mikono kwa sabuni, avue nguo na kuziweka katika mfuko uliofungwa, asile wala asivute sigara kabla ya kunawa, na aende hospitali aseme wazi alichokigusa, maana kichefuchefu na ngozi kuungua bila moto huweza kudhaniwa kuwa ugonjwa mwingine. Wahakikishie kwamba anayetoa taarifa anafanya jambo jema, kwa kuwa wengi hunyamaza wakihofia kuitwa wezi.

Funga kikao kwa maswali yaliyoandikwa

Msipige kura ya kukubali au kukataa nyuklia. Kikao cha saa mbili hakitoshi kwa uamuzi huo. Andikeni maswali. Kinu cha megawati 1,000 ni karibu nusu ya Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Wataalamu hushauri mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya uwezo wa gridi, ili ukizimika ghafla usiangushe nchi nzima gizani, kwa hiyo ulizeni gridi itakayoupokea umeme huo ni ya ukubwa gani. Falme za Kiarabu, zenye fedha nyingi, zilianza kujenga mwaka 2012 na kinu cha kwanza kikaingia kwenye gridi mwaka 2020. Ulizeni mkopo utaanza kulipwa lini na umeme utaanza kutoka lini. Ulizeni nani atalipa fidia samaki wakikosa soko, nani anapima tope, nani atapiga simu, na mabaki yatalala wapi.

Mtu mwenye mwandiko mzuri ayaandike maswali hayo kwa Kiswahili cha kawaida, kila swali na jina la mwalo au mtaa uliolitoa. Nakala moja ipelekwe kwa mtendaji wa kata, ya pili halmashauri, ya tatu kwa Tume ya Nguvu za Atomu, na ya nne ibandikwe mwaloni karibu na mizani ya samaki, mahali ambapo kila mtu hupita, na chini yake paandikwe tarehe ya kikao kijacho ambapo majibu yatakayokuwa yamepatikana yatasomwa.